Mama Vailet na Blanketi Lililobaki Wazi Katikati

Lori lilikwama mara mbili kabla ya kufika Magugu. Mara ya kwanza wanaume peke yao walishuka kusukuma. Mara ya pili walishuka wote, isipokuwa bibi harusi, aliyekataa kuondoka juu ya sanduku lake la bati asije mtu akalitelezesha matopeni. Ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Novemba 1979, siku nane baada ya ndoa yake huko Rombo, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Mektilda alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hakuwa amewahi kufika Babati, wala mdogo wake Xavery aliyemsindikiza. Wote wawili walikuwa wakiuangalia Mlima Kwaraa kwa mashaka, kama mtu anavyomwangalia mbwa wa nyumba asiyoijua.

Walipofika Maisaka, nyumbani kwa bwana harusi huko Babati, mama mkwe alilifungua sanduku mbele ya majirani akitarajia masufuria na mashuka. Alikuta vipande vya vitambaa, mamia kwa mamia, na ndani ya vitambaa vimefungwa vitu kama viazi vitamu vilivyosinyaa.

"Yohanes," akamwita mwanawe, "umetuletea mke au fundi viraka?"

"Ni fundi cherehani, mama."

"Na hivi viazi?"

"Haviliwi, mama," bibi harusi akajibu mwenyewe. "Ni mizizi ya dalia. Ni maua."

Mama mkwe akaitazama mvua, akavitazama viazi visivyoliwa. "Basi tumepona njaa," akasema. Majirani wakacheka. Mektilda naye akacheka, ingawa hakujua kama amekaribishwa au ametukanwa. Asubuhi yake aliomba jembe.

Marehemu Mektilda Romanus Lasway alizaliwa tarehe 14 Septemba 1957 katika kijiji cha Mashati, Rombo, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Romanus Lasway na mkewe. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuchaguliwa kuendelea. Mwaka 1973 alipelekwa kwa masista kujifunza ushonaji, na huko alimkuta sista mmoja mzee aliyeunganisha masalia ya vitambaa kuwa mablanketi. Sista yule alikuwa na amri moja: kipande kisikatwe kabla hakijajulikana kimetoka wapi. Mektilda aliishika amri hiyo kuliko nyingine zote alizofundishwa. Kila kipande alichokihifadhi alikibana kwa pini na karatasi ndogo: harusi ya nani, ubatizo wa nani, mwaka gani.

Kuanzia mwaka 1980 aliketi na cherehani yake kwenye baraza ya duka karibu na soko la Babati, akashona sare za shule na magauni ya ndoa kwa miaka thelathini na minne. Mafundi wote wa mjini walimjua. Ilipokatwa sare ya harusi, walimwekea masalia bila kuambiwa. Hakuna nyumba katika ukoo huu ambayo mtoto wake alibatizwa akakosa blanketi la Mama Vailet. Wapo hapa leo watu wazima, wana ndevu na vyeo, ambao bado wanalala nayo.

Bustani yake aliipanda kama alivyoshona. Mwezi wa kumi, vumbi likiwa limetanda na nyasi zimekauka, alivitandaza vipande vyake juu ya udongo mtupu, chekundu hapa, cha zambarau pale, akisogeza na kurudi nyuma kutazama, mpaka aridhike. Kisha akachimba tuta mahali pa kila kipande. Kwenye makopo ya rangi alipanda zinia, kando ya ukuta mawaridi, na katikati dalia. Maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa katika nyumba ile. Mvua ya kwanza iliponyesha, yeye alitoka nje wakati wengine wanaingia ndani.

Mumewe, Yohanes Qambalo, alikuwa bwana shamba, na watu walimtania kwamba uwanja wa bwana shamba hauna hata kabichi moja. "Kabichi nafundisha kazini," alizoea kusema. "Nyumbani mimi ni mwanafunzi." Walijaliwa watoto watatu: Vailet, Jovin na Clara. Yohanes alifariki mwaka 2006, na mashati yake mawili yako katika blanketi lililokuwa juu ya kitanda cha Mektilda hadi juzi.

Vailet alizaliwa mwaka 1983. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Galapo, na kila Novemba alirudi nyumbani kumsaidia mama yake kupanda dalia. Novemba ya mwaka 2010 alikuja amevaa gauni la kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, alilolishona mama yake, akapiga magoti kwenye matope nalo.

"Vua gauni hilo, utaliharibu," mama yake alimwambia.

"Mama, si utanishonea jingine?"

Aliugua tarehe 5 Desemba. Tarehe 9 alikuwa amefariki.

Mektilda alianguka makaburini. Alilazwa hospitali siku kumi na moja, na katika siku hizo tanga likaanuliwa. Kama ilivyo desturi, nguo za marehemu ziligawiwa kwa ndugu, kila mmoja kipande chake cha kumkumbuka. Aliporudi nyumbani alilikuta kabati la Vailet lina hanga tupu.

"Wifi," alimwuliza Romana, dada wa Yohanes, aliyesimamia mgao, "nguo za mtoto ziko wapi?"

"Tulishagawa, wifi. Siku ya kuanua tanga."

"Zote?"

"Zote. Wazee walisema mzazi havai nguo ya mwanawe aliyemtangulia, inavuta msiba mwingine. Tulikuwa tunakukinga."

"Mimi sikutaka kuvaa, wifi," Mektilda akasema. "Nilitaka kushona."

Romana yuko hapa. Ameomba jambo hili lisomwe kama lilivyokuwa, kwa sababu Mektilda hakuwahi kumlaumu, na kwa sababu hakuna aliyekosea kwa ubaya. Kila mtu alidhani ameheshimu.

Nguo zilikuwa kumi na mbili. Kwa miaka kumi na mitatu Mektilda alizifuata. Alikwenda Dareda, Mbulu, Singida, Arusha. Hakwenda mikono mitupu. Alishona gauni jipya kwa kipimo cha aliyekuwa nalo la zamani, akaomba kubadilishana. Huko Katesh binamu mmoja wa Vailet aliona aibu kumtolea.

"Shangazi, hili nimelivaa mpaka limechakaa. Nilikuwa nadekia nalo."

"Ndilo ninalolitaka."

"Lina doa la mafuta ya taa, tazama."

"Basi na doa nitalishona."

Alipata kumi na moja. Aliziunganisha kwa mkono, si kwa cherehani, akizunguka kutoka pembeni kuingia ndani: sketi ya kazini, blauzi ya kipaimara, khanga iliyopauka, doa la mafuta ya taa. Katikati aliacha mraba wazi, upana wa shubiri mbili, kwa ajili ya kile cha njano chenye ndege wa bluu. Alisema blanketi likikamilika atafunikwa nalo siku ya kuzikwa. Ndilo jambo pekee alilotuomba kuhusu siku hii ya leo.

Gauni la njano lilikuwa limeangukia kwa mjomba, Xavery, ambaye ndiye aliyekabidhiwa na familia kuandika maneno haya. Xavery alikuwa mtu wa safari. Alilichukua kwa heshima, akalikunja, na miezi michache baadaye akafungia vitabu nalo, akaliacha katika chumba cha kupanga huko Marseille, Ufaransa, pamoja na sufuria na redio iliyokufa. Alikumbuka akiwa ameshavuka kwenda nchi nyingine. Alipiga simu, akaandika barua. Chumba kilikuwa kimepangishwa kwa mtu mwingine.

Dada yake alipompigia kuuliza, alijibu, "Lipo, dada. Nitakuja nalo."

Aliulizwa tena mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine. "Lipo." Hakusema uongo huo kwa dharau. Alitumaini kukipata kitenge kile kile, aiweke kweli mahali pa uongo kabla haujajulikana. Alikitafuta katika masoko ya Kigali, Lomé na Cotonou, na kwa wauza vitenge wa Paris. Aliulizia kwa lugha tano, na kwa lugha zote tano alijibiwa kwamba chapa ile ilishatoka sokoni, haichapwi tena. Huku Maisaka Mektilda alilitandaza blanketi juu ya kitanda cha Vailet kila Novemba, akautazama mraba, akalikunja.

Mwezi wa sita mwaka huu wa 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Vipimo vilionyesha saratani ya ini, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Katikati ya mwezi wa nane aliomba arudishwe nyumbani. Clara alimuuguza. Kitanda chake kilisogezwa dirishani ili aione bustani, lakini ilikuwa kiangazi na hapakuwa na cha kuona ila udongo na makopo ya rangi.

Tarehe 15 Oktoba Xavery alifika na kitambaa. Hatimaye alikuwa amepata kinachofanana, cha njano, chenye ndege wa bluu, ila ndege walikuwa wamegeuzia vichwa upande mwingine. Alikuwa amekifua mara nyingi kwa maji ya moto na kukianika juani mpaka kikapauka. Alimwekea dada yake mkononi.

"Nimekuja nalo, dada. Nimeshalifumua tayari, nikakukatia kipande."

Macho ya Mektilda hayakuwa yakiona vizuri tena. Alikipapasa kwa kidole gumba, ukingo mpaka ukingo, polepole, kama anavyopapasa kila kitambaa. Clara alikuwa amesimama na uzi tayari.

"Kimefuliwa sana," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Lakini hakijawahi kushonwa. Gauni likifumuliwa linabaki na matundu ya sindano, hata ulifue miaka kumi. Matundu yako wapi, Xavery?"

Mektilda akakirudisha kitambaa mkononi mwa mdogo wake.

"Limepotea lini?"

"Mwaka 2011, dada."

Nje jirani alikuwa akichota maji kisimani, kamba ikilia.

"Ungeniambia tu kwamba limepotea," Mektilda akasema. "Ningetafuta kitu kingine. Ningeweka leso yake, ningeweka hata kitambaa cheupe. Ningelikamilisha miaka kumi iliyopita, nikiwa na mikono. Wewe uliniambia lipo, nikangoja."

Clara akasema atakata kipande cha gauni lake mwenyewe azibe, ni kazi ya dakika chache. Mama yake akatikisa kichwa. "Wewe ni Clara. Liache wazi. Na msinifunike nalo. Blanketi lenye tundu halifuniki mtu."

Kisha akageukia ukutani. Xavery alikaa kando ya kitanda siku nne. Mektilda alipokea uji aliponyweshwa, alimpokea padre na sakramenti, akaitikia sala. Hakuomba tena asogezwe dirishani. Siku ya tatu Xavery alimwuliza kama amemsamehe. "Nimechoka, mdogo wangu," akasema, na hakuna anayeweza kusema kama hilo lilikuwa jibu. Alifariki Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Maisaka, akiwa na miaka sitini na saba.

Wengi waliokuja kutupa pole wamesema kwamba sasa yuko na Vailet. Yeye aliliamini hilo kila Jumapili ya maisha yake, na familia inajaribu kuliamini. Ila katika siku zile nne hakulisema, nasi hatutaki kumsemea.

Ameacha watoto wawili, Jovin na Clara. Wajukuu watano, wa kwanza wao akiwa Kindness. Wifi yake Romana. Na mdogo wake Xavery. Ameacha masanduku matatu ya vitambaa, kila kipande na karatasi yake. Ameacha mizizi ya dalia kwenye mchanga mkavu chini ya kitanda cha Vailet, ikingoja mvua.

Baada ya maneno haya Mektilda ataondoka nyumbani kwenda makaburini Bagara. Amefunikwa shuka jeupe la dukani, kama alivyoagiza. Nyumba ya msiba haiachwi tupu, na familia imemwomba Xavery abaki. Kwa miaka arobaini na mitano yeye ndiye aliyekuwa akiondoka kwenye mlango huu na mkoba begani, na dada yake ndiye aliyesimama kwenye dalia akimpungia mkono mpaka barabarani. Leo dada anakwenda. Blanketi limeanikwa kwenye kamba uani. Anayesimama nyuma yake anaiona bustani yote kupitia tundu lile, na bado hakuna kilichoota.

Bwana ampe Mektilda pumziko ambalo sisi hatukumpa.