Wimbo Nilioimba Uwanjani

Wapendwa, amani iwe kwenu. Leo sikusimama hapa kanisani kuwaimbia, basi msinipigie makofi.

Wengi mnanifahamu kwa piano na nyimbo za mapenzi nilizopiga katika baa za Kolwezi. Piano nilifundishwa na mzee mmoja tuliyemwita tata, yaani baba, karani wa mgodi, aliyepiga kinanda parokiani. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, mbali na hapa. Yeye alizaliwa hapa hapa kama mimi. Alinifundisha miaka saba bila kunidai chochote. Mke wake alinipakulia bukari, ugali wetu, pamoja na watoto wake, nami nikamwita mama.

Kisha biashara ya mgodi ikaanguka. Mishahara ikakatika, na wakubwa wa mkoa wakatuambia wenye kosa ni watu wa Kasai, warudi kwao. Mmoja wa wakubwa hao akanijia.

“Weye vijana banakusikia,” akasema. “Tuimbie kitu ya kubaamusha.”

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: hakunishikia panga. Nilitaka tu jina langu lifike redioni. Nikachukua muziki ambao mwalimu wangu aliwatungia watoto wa katekisimu, nikautia maneno ya kuwafukuza watu wake. Nikauimba katika uwanja wa mpira. Baada ya juma moja ulikuwa kila mtaa, na nyumba zilivunjwa huku ukiimbwa.

Familia ya mwalimu ikakimbilia stesheni ya treni. Walilala nje majuma mengi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai. Siku moja mchana niliwapelekea unga. Nilimwona mama kwenye mkeka, anatetemeka kwa homa, na mwalimu anampepea kwa kitabu cha nyimbo. Vijana wakapita wakiimba wimbo wangu. Mwalimu akainua macho, akaniona. Nilimkabidhi unga mwanamke aliyekuwa karibu, nikaondoka bila kuwasalimu.

Mtadhani hapo ndipo nilipoanguka. Hapana, hapo nilipata sifa. Nilialikwa kila sherehe, na kila sherehe waliomba wimbo ule. Nilikunywa ili niweze kuupiga, halafu nikanywa ili niusahau. Mke wangu akachoka, akarudi kwa wazazi wake Lubudi pamoja na binti yetu.

Miaka ikapita. Nilipokwenda kuwaona, nilimkuta mtoto anaosha vyombo, anaimba wimbo ule ule, maneno yale ya watu wanaopaswa kwenda kwao.

“Papa,” akaniuliza, “ni banani benye banapashwa kwenda kwabo?”

Nilianza kumsaidia kuosha vyombo. Mke wangu alikuwa mlangoni.

“Mujibu mutoto,” akasema.

Niliondoka bila kumjibu. Niliporudi Kolwezi nilikwenda kwa mama mmoja wa kanisa hili, mwenye asili ya Kasai, nikamweleza yote.

“Tutaomba pamoja,” akasema. “Lakini mwalimu yako iko muzima. Enda umuone.”

Ndugu za mama huyo wakanielekeza, nikapanda treni hadi Kasai. Mwalimu alikuwa amezeeka. Nilipiga magoti mlangoni pake.

“Mama yako, mwenye alikupakulia bukari, alikufa mu njia,” akaniambia. “Tulimuzika pembeni ya reli. Hata leo siwezi kukuonyesha fasi ya kaburi yake.”

Nililia, nikaomba msamaha. Akaniambia nile kwanza, nipumzike. Asubuhi akasema, “Uliimba mbele ya batu. Kuniambia mi peke yangu haitoshe. Enda useme mbele ya batu.”

Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Basi nasema mbele yenu: wimbo ule niliutunga mimi. Ninyi mliofukuzwa, ninyi mliozika watu wenu njiani, niliwaimbia waliowatesa. Atakayeweza, anisamehe.

Namshukuru mama aliyeomba pamoja nami, mke wangu aliyekubali kurudi nilipokwisha kuacha pombe, na mwalimu aliyenifungulia mlango. Ninyi vijana wenye sauti nzuri, mtu akija kuiazima, mwulizeni kwanza ni nani ataumia. Na ninyi wazazi, mkisikia watoto wanaimba wimbo ule, msiwanyamazishe tu. Waambieni ni akina nani waliofukuzwa, na ni nani aliyewaimbia waliowafukuza.