Skii Nyepesi

Kwenye basi la posta la kwenda Bivio, kijiji cha milimani Uswisi, mzee Gion wa kijijini kwetu alinyanyua kwa kidole kimoja skii mpya za binti aliyekaa kando yake.

"Binti, hizi ni mbao za kutelezea thelujini au vijiti vya kuchokolea meno?"

"Ndio wepesi wenyewe, mzee. Mwaka jana wenzangu waliniacha mlimani. Safari hii nimekata hata mpini wa mswaki kupunguza uzito."

Alisema kweli. Niliuona, kipande kama kidole gumba.

"Kupanda utapanda. Kushuka kwenye barafu zitakutetemesha kama homa. Za mwanangu tulizikuta nzima. Yeye tulimzika."

"Pole, mzee. Lakini wenzangu hawasubiri."

Basi likasimama. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kupanda. Binti akashuka mbio, hata hakuaga.