Ubao Niliopigilia kwa Macho

Sogeeni, wanangu, mmoja huku na mmoja kule, mniinue mto huu wa kichwa kidogo, maana nikilala chali maneno yanarudi kooni. Mwenye saa ni nani? Wewe, baba, mwanangu? Nisomee. Saa tisa na dakika tano. Haya, inatosha. Namwomba Mola anigawie pumzi ya saa moja tu, na kama itapungua, basi ipungue upande wa sifa zangu, isipungue upande wa makosa.

Tangu juzi maji yanaingia humu chumbani. Msitazamane hivyo, najua ni homa, akili yangu bado iko nyumbani. Yanapita chini ya mlango bila kelele, yana rangi ya chai, yanapanda taratibu kwenye mguu wa kabati, na viatu vyenu vinaelea vikigongana kama watoto wanaocheza, nami nimelala hapa nayasoma kwa mazoea, alama ya nne, nne na nusu, tano, mkono unapapasa shuka kutafuta kalamu. Miaka kumi na minane nilikwenda kuusoma mto asubuhi na jioni. Si ajabu mto nao umeamua kuja kunisoma.

Mnaijua kazi yangu ya kwanza, ila mnaijua kama hadithi ya kuchekesha, baba yenu na mabuti yake ya mpira na kitabu chenye jalada la kijani. Mimi shule yangu ilikomea darasa la saba, na kazi niliyopewa haikuhitaji zaidi ya hapo: ubao mrefu umepigiliwa kwenye nguzo kando ya mto, una alama kama rula ya mwanafunzi, unasoma maji yamefika wapi, unaandika, unaweka sahihi. Sharti lilikuwa moja, ukurasa usibaki mtupu. Msoma mto aliyeacha siku moja bila namba alionekana kama mlinzi aliyekutwa anakoroma. Na kibali cha mtambo wa umeme kiliandikwa kwa namba hizo hizo zangu: ubao ukionyesha tano au zaidi, mtambo uchukue maji, ukishuka chini ya tano, lango la mfereji lifungwe, kilichopo kiteremke bondeni kwa wakulima wa mboga. Ndiyo habari yote. Mengine, mama, binti yangu, ni vifungu vyenu mawakili.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapotaka mnishike mkono.

Mwaka wa mafuriko makubwa ubao ulichukuliwa na maji. Nilipewa mwingine, mpya, unanuka rangi, nikaambiwa nimsubiri mpima ardhi aje na vyombo vyake, kwa sababu ubao haupigiliwi ovyo, unashushwa kwa kipimo kutoka kwenye msumari wa shaba uliozamishwa mwambani. Nikasubiri siku tisa. Kurasa tisa nyeupe! Nilikuwa nikizifungua usiku naziona zinanicheka. Siku ya kumi nikachukua nyundo. Kwenye nguzo palikuwa na mstari wa tope, nikajiambia hapo ndipo ubao wa zamani ulipoanzia, nikakaza macho, nikapigilia. Nilisali kabla ya kupiga msumari wa kwanza, wanangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimwomba Mungu abariki uvivu wangu wa kusubiri.

Baada ya miaka miwili, kiangazi kimoja kikali, mwamba ukachomoza, nikauona ule msumari unang'aa. Nikashusha kamba. Nikapima mara ya pili, ya tatu. Ubao ulikuwa umekaa chini kwa shubiri nzima, sawasawa na alama moja. Maana yake mto ukiwa na nne, ubao unasema tano. Maana yake lango lilikuwa wazi siku ambazo lilipaswa kufungwa, na bondeni watu walikuwa wakichota tope huku kitabu changu kikisema wameshiba.

Kuurekebisha ubao kulikuwa kazi ya dakika kumi. Ila namba zingeshuka ghafla siku moja, na mtu angeuliza kwa nini. Nikaikunja ile kamba, nikaitia mfukoni, nikarudi nyumbani kula.

Ndipo wakulima wakashtaki. Mtambo ukamweka wakili ambaye nyinyi mlimwita Babu Kifungu, Mola amrehemu, mtu mrefu, koti la mvua hata jua likiwaka, hawezi kukuomba chumvi bila kutaja kifungu na kijifungu. Mimi ndiye nilikuwa shahidi wake. Naiona ile mahakama sasa hivi, hapo penye pazia, sakafu yake imelowa, na Kifungu anakuja polepole akiburuza koti majini. Alikuwa mtu mwangalifu, asingenitumia bila kuniuliza. "Bwana Msoma Mto, ubao huu uliupigilia wewe?" Nikasema ndiyo. "Uliupima kutoka kwenye msumari?" Nikiwa nimeapa kwa jina la Mungu, mkono bado una joto la kitabu kitakatifu, nikasema ndiyo, mheshimiwa, kutoka kwenye msumari.

Nyuma akainuka mtu. Mjomba wenu, kaka wa mama yenu, alikuwa na vitunguu na kabichi kule bondeni. Akapiga kelele, "Shemeji! Njoo ulale kwangu siku tatu, uje na kitabu chako, tuone kama kinanywesha vitunguu!" Watu wote wakacheka, hata hakimu. Nikacheka na mimi. Askari akamtoa nje kwa kumshika mkono, naye akawa ananitazama mimi tu, hamtazami askari, na tangu siku hiyo hadi leo hajavuka kizingiti cha nyumba hii. Mlikua bila mjomba, mkiambiwa ana kiburi. Hakuwa na kiburi, wanangu. Alikuwa na kiu. Na mama yenu aliniuliza mara moja tu, akiwa anakunja nguo, "Baba watoto, kweli maji yalikuwa yanafika kwa kaka yangu?" Nikamwambia muulize mto. Jibu la kihuni kabisa. Hakuniuliza tena hadi anaingia kaburini.

Kifungu alinipenda kwa ushahidi ule. Alinichukua niwe karani wake, pale ghorofani juu ya duka la mabomba na matangi, na wewe, mama, ndiko ulikokulia, chini ya meza yake, ukipaka mito rangi ya bluu kwenye ramani za zamani, ukimwuliza mto huu ni wa nani, naye anakujibu kama anajibu jaji, kwamba hauna mwenyewe, una wenye vibali tu. Ukasoma. Ukarudi na joho. Ukatetea visima vya wale waliochimbiwa madini uani kwao, ukawatetea waliopitishiwa nguzo za umeme shambani bila kuulizwa, na kaka yako akakubandika jina la Waziri wa Mabomba. Kifungu alipokuachia vitabu vyake na kiti chake, vitabu ukachukua, kiti ukakataa, ukaenda kuwatetea wale wale wa bondeni aliowashinda. Nilinuna. Mlidhani namwonea uchungu mzee. Nilikuwa naogopa.

Maana mwezi uliopita ulikuja hapa umechoka, ukavua viatu, ukasema kibali cha mtambo kinafikia mwisho, kikao, hiki cha kesho kutwa, kimekaribia, na yule wakili wa mtambo mwenye tai ile ile shingoni kila siku, Tai Nyekundu wako anayekukera, hana hoja nyingine zaidi ya kitabu changu cha kijani. Ukasema, "Baba, kila nikigeuka nakutana na mwandiko wako." Na lile sanduku la chuma linalopima mto lenyewe siku hizi halikusaidii, kwa sababu siku walipolifunga walililinganisha na ubao wangu. Kosa langu limepata mtoto, na mtoto huyo halali wala haumwi. Nikakutazama, nikakuambia kunywa chai itapoa. Ndani yangu, nisiwafiche, kulikuwa na kijifuraha kwamba kitabu changu bado kinasomwa na watu wenye tai.

Tulia, mama. Weka kalamu. Najua unataka kuandika, mkono wako umeanza kazi kabla ya machozi kukauka, huo ni utumishi mzuri, lakini usiandike wewe. Ukiipeleka karatasi hii wewe, watasema mzee amemtungia bintiye uongo kitandani, na wana haki, kwani mtu aliyeapa uongo mara moja anaaminiwa na nani? Kwa hiyo nimempigia simu Tai Nyekundu.

Usiinuke! Kaa. Ndiyo, yeye mwenyewe, asubuhi, kwa simu ya jirani, mlipokuwa dukani. Nikamwambia msumari uko wapi: hatua sita chini ya nguzo, upande wa mwamba wenye mgongo, umefukiwa na tope la kiasi cha mkono. Ameahidi kupitia huko kwanza na mpima wake, ajionee kwa macho yake, kisha aje saa kumi na mtu wa kuniapisha. Hana hiari, nilimwambia nimemwachia jirani pia habari hiyo hiyo. Uwakili kidogo nami nilijifunza kule ghorofani.

Na kesho kutwa hutasimama wewe. Hilo unalijua kunishinda. Shahidi ni baba yako, huwezi kumwongoza baba yako wala kumtetea, kesi uliyoibeba miaka minne atasimama nayo yule mwenzako mnene mpole. Nimekunyang'anya siku yako, mama. Nimewanyima wale watu maji, na siku ya kuwarudishia nakunyima wewe kusimama. Unisamehe. Ukishindwa leo, nisamehe mwakani, nitasubiri.

Na wewe, baba, fundi wa mtambo huo huo, naona umeinamisha kichwa. Lango likifungwa kiangazi, mashine moja italala, na zamu moja huenda ikapunguzwa, labda ni yako. Usimchukie dada yako. Mwenye kulaumiwa yuko hapa kitandani, mlaumu mapema kabla hajaondoka.

Nyumba hii ni yenu wawili, mmoja wenu asiuze chumba kwa hasira. Vitabu vya Kifungu ni vya dada yako, baiskeli na vyombo ni vyako. Mjomba wenu yuko hai, anakaa kwa binti yake. Mwendeeni nyote wawili, kwa miguu, mkamwambie mbele ya watu wake, si pembeni, kwamba shemeji yake aliapa uongo na yeye alisema kweli. Akitaka kuja kunizika, mpisheni mbele. Akikataa, msimbembeleze, na msimseme tena katika nyumba hii.

Saa ngapi? Nasikia mlango wa gari. Ni yeye, mtu wa dakika. Nimesema mengi, pumzi imekwenda, iliyobaki ni ya kiapo tu... Nipe maji ya midomo. Basi.

Mama, sasa utoke. Upitie jikoni, ukae kwa jirani, mtu akuone umekaa kule. Wasije wakasema ulikuwa umenishika mkono nikiapa. Hapana, usinijibu, nami sitaweza... pumzi ya pili haipo, nikikuaga tena sitakuwa na pumzi ya kumwapia Mungu. Inama. Mola akulinde, akupe ulimi usioogopa baba wa mtu yeyote, hata wako. Na wewe, baba, akupe riziki isiyomkausha mwenzako. Uwe baraka kwa dada yako. Mfungulie mgeni.

Mama, bado upo? Toka, mwanangu. Usigeuke. Nenda... nenda tu, nakuona.