Tano Kasoro Kidogo

Katika treni ya asubuhi, msichana aliyekaa mbele yangu alimweleza nesi wa pembeni yake kwamba anakwenda kurudia mtihani wa fizikia. Mwaka jana swali moja lilimtoa jasho: x iko pande zote mbili za mlinganyo, na upande mmoja imepanda juu kuwa kipeo, haitoki hata uivute vipi.

"Sasa leo utaifanyaje?" nesi akauliza.

"Nakisia, mama. Naanza na tano, naiingiza kwenye hesabu, inanipa nne nukta tisa sita sita. Hiyo nayo nairudisha, inatoka nne nukta tisa sita tano. Nikirudia tena, haisogei."

"Kwa hiyo jibu kamili hulipati?"

"Silipati. Ila hili la kukaribia linatosha kujua joto la nyota kwa rangi ya mwanga wake tu."

Nesi akasema, "Mgonjwa wangu yuko kitandani, na bado lazima nimguse nijue joto lake."

Gazeti langu lilikuwa kwenye ukurasa uleule tangu tuondoke.

Treni ikasimama. Nesi bado alishikilia kwamba makisio ni makisio, lakini alimbebea msichana mkoba hadi mlangoni, akiwaambia waliosimama, "Tupisheni jamani, huyu anapima nyota."