Mtoto Mtukutu wa Miaka Sabini na Minane

Wasikilizaji wapendwa, vueni kofia. Hata wewe uliye shambani na jua linakuchoma, ivue kidogo. Tutakwambia wakati wa kuirudisha.

Jumanne asubuhi kengele ya kanisa la Chaupirumi ililia kwa ajili ya Mama Asencia Yuquilema. Alikuwa na miaka sabini na minane. Mama Asencia ndiye aliyewafunza walimu wa kujitolea, wale wanaofundisha watoto kila Jumamosi katika makanisa ya bonde hili. Tunarudia, kwa wale ambao betri za redio zinakaribia kuzimika: ni Mama Asencia, yule wa walimu.

Kama ulijifunza kusoma, kuimba au kunawa mikono kanisani siku ya Jumamosi, basi aliyekufundisha alipita mikononi mwake. Na hakupita salama.

Maana Mama Asencia hakuwa na hotuba wala ubao. Alikuwa na kiti kimoja cha mtoto, kifupi, chekundu. Kila Alhamisi mchana mwalimu mtarajiwa alisimama mbele ya ukumbi akafundisha, na Mama Asencia alivua shali, akaketi kwenye kile kiti, magoti yakagusa kidevu, akawa mtoto. Wala si mtoto mwema. Alirusha bisi. Alimvuta jirani nywele, na jirani mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni katikati ya sala, akarudi, akaomba tena. Aliuliza, “Mwalimu, Nuhu alikuwa anatupa wapi mavi ya ng'ombe?” Sisi watangazaji tuliolelewa bwenini, tunaoujua utundu kama seremala anavyoijua randa yake, tunathibitisha kwa heshima zote kwamba kazi yake ilikuwa safi.

Binti yake, Zoila, anasema: “Nyumbani alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Nikimwambia, Mama, una wajukuu, acha mambo haya, ananijibu, ‘Na unadhani nimejifunzia wapi?’”

Kufaulu kulikuwa na alama moja tu. Mwalimu akiweza kumshika mtoto yule, Mama Asencia aliacha kurusha vitu, akaweka mikono magotini, akauliza: “Halafu ikawaje?” Ukiyasikia maneno hayo, wewe ni mwalimu. Usipoyasikia, karibu Alhamisi ijayo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwa Baba Delfín Chimbolema.

Baba Delfín anatoka Kachipamba, kijiji cha juu kabisa, ukungu unakoamkia. Watoto wa Kachipamba hawakuwa na shule ya Jumamosi, kwa sababu hapakuwa na mwalimu. Mchungaji alikuwa ameshasema: asipopatikana aliyefunzwa kabla ya mavuno ya shayiri, chumba cha watoto kitawekwa viazi. Aliyejitolea alikuwa mmoja. Mchunga kondoo, mikono kama koleo, sauti ya mtu aliyezoea kuita mlima wa pili.

Somo lake lilikuwa kondoo aliyepotea. Alisimama akakohoa. “Ndugu wapendwa katika Bwana, kondoo huyu ana maana tatu.”

Mama Asencia alijilaza sakafuni, akakoroma.

“Mama, sijamaliza hata maana ya kwanza.”

“Mimi siyo mama. Nina miaka sita na nataka maziwa.”

Alhamisi iliyofuata Baba Delfín alikuja na peremende. Mama Asencia alikula alizoweza, akajaza mfukoni zilizobaki, akaondoka zake. Kutoka dirishani alisema, “Asante, mwalimu. Siku nyingine ulete za nanasi.” Alhamisi nyingine Baba Delfín alimkemea. Mama Asencia akalia kilio cha kweli hasa, mpaka Baba Delfín naye akalia, ikabidi wote wawili wapewe chai ya majani.

“Nilikuwa nashuka mlima mzima kuja kusumbuliwa na bibi wa watu,” Baba Delfín anakumbuka. “Mke wangu ananiuliza, umefaulu leo? Namwambia leo kanitemea mbegu. Anasema, basi umepanda cheo, juzi alikukoromea.”

Kisha Mama Asencia akaugua kifua. Alhamisi zikasimama. Shayiri ya Kachipamba ikaanza kugeuka rangi.

Jumatatu Baba Delfín alishuka na kikapu cha mayai, kumpa pole mgonjwa. Hakuja kufundisha. Tunarudia: alikuja kutoa pole. Alimkuta kitandani jikoni, simbilisi, vile vijinyama vya kufugwa kama sungura wadogo, wakipiga kelele chini yake, na Zoila amesimama na kijiko cha dawa.

“Mama, fungua mdomo.”

“Sitaki.”

“Mama.”

Mama Asencia akajifunika blanketi mpaka juu. Baba Delfín alitaka kuaga. Ndipo akaona, pembeni mwa blanketi, jicho moja likimtazama. Alilijua jicho lile. Zoila akakiweka kijiko chini, akatoka kwenda kutazama sufuria nje.

Baba Delfín akaketi kwenye gogo la kuni. Maana zote tatu zilimtoka kichwani. Akaanza kumsimulia kondoo wake mwenyewe, mwenye sikio moja jeusi, aliyempotea mwaka uliopita siku ya ukungu. Akamwonyesha kwa mikono jinsi ukungu ulivyoshuka. Akaita kwa sauti ndogo kama alivyoita siku ile. Akamwambia kengele ya kondoo ilivyolia mkono wa kulia, akaenda, ikalia mkono wa kushoto, akaenda, kisha ikanyamaza kabisa.

Blanketi lilikuwa limeshuka mpaka kiunoni. Mama Asencia alikuwa ameinuka na kuketi, mikono imetulia magotini.

“Halafu ikawaje?”

Baba Delfín akafungua mdomo amalizie. Na wakati uleule Zoila akaingia na supu, akasema mgonjwa ale, apumzike. Baba Delfín akasimama, akachukua kofia.

“Nitakumalizia kesho, Mama.”

“Siyo haki, mwalimu,” akasema Mama Asencia. “Siyo haki hata kidogo.”

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Kengele mliisikia.

Mchungaji alipomuuliza, Baba Delfín alijibu kwamba hakufaulu. “Mwalimu gani anamwachia mtoto hadithi nusu?” Alisema chumba kiwekwe tu viazi.

Jumatano mchana jeneza lilikaa uani kwa Zoila, kabla ya safari ya makaburini. Watoto wa bonde zima walikuja, na wa Kachipamba. Mnajua jinsi watoto wanavyokaa msibani. Walikuwa chini ya meza, juu ya ukuta, ndani ya banda la simbilisi. Sisa, wa Kachipamba, mwenye miaka sita ya kweli, alikuwa amevaa kichwani kile kiti chekundu, kilicholetwa kutoka ukumbini. Watu wazima walitoa macho na kusonya. Haikusaidia.

Baba Delfín akaketi chini, karibu na jeneza. Hakumkemea mtu. Akasema, “Nilikuwa na kondoo mwenye sikio jeusi.”

Sisa akamrushia punje ya mahindi ya kuchemsha. Ikampiga kwenye paji la uso, ikaanguka pajani. Baba Delfín akaiokota, akaila, akaendelea. Ukungu ukashuka. Kengele ikalia kulia, ikalia kushoto, ikanyamaza. Hapo akasita, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa amekomea.

Watoto walikuwa wametoka chini ya meza. Sisa alikuwa amekiweka kiti chini na kukikalia.

“Halafu ikawaje?”

Baba Delfín akageuza uso kwenye jeneza, akamalizia huko.

“Nikatafuta mpaka njia ikanipotea. Nikasikia watu wanaita. Nikadhani wanaita kondoo, kumbe wanaita jina langu. Kijiji kizima kimetoka. Nikawaambia, ngojeni, kondoo bado. Mke wangu akasema, ‘Kondoo yuko mlangoni tangu mchana anakula kabichi zangu. Aliyepotea ni wewe.’”

Wa kwanza kucheka alikuwa Zoila, binti wa marehemu. Kisha ua mzima. Mchungaji alicheka ndani ya poncho, joho lake la sufu, lakini mabega yalimsaliti. Alipojifuta macho, alikichukua kile kiti chekundu na kukiweka mikononi mwa Baba Delfín.

Viazi vya Kachipamba vitatafutiwa mahali pengine.

Zoila, na ukoo wote wa Yuquilema, poleni sana. Tunawapa pole na walimu wote waliowahi kurushiwa bisi siku ya Alhamisi. Mama Asencia alale salama, na malaika waliopangiwa kumfundisha wajipange.

Kofia zirudi kichwani. Na leo, wasikilizaji wapendwa, mtu mdogo akikuuliza nyumbani kwako halafu ikawaje, usimwambie kesho. Mmalizie. Supu itapashwa moto.