Kumuaga Bibi wa Chumba cha Baridi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Elimu, Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu, dereva wa lori lililopo getini pamoja na wapakiaji wake, nanyi wanafunzi wenzetu mliosimama juani kwa adabu isiyo ya kawaida:

Sisi wanachama wa Chama cha Kompyuta tunakukaribisha, mgeni rasmi, kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni kukata utepe wa maabara mpya, yenye harufu ya rangi na viti vinavyozunguka. La pili ni kubonyeza kitufe chekundu cha kumzima Bibi, kompyuta kuu ya shule hii, ili lori limchukue akayeyushwe. Kwa la kwanza tunakupigia makofi. Kwa la pili tunaomba sikio lako kidogo.

Utaona pengo katika mstari wetu wa mbele. Pale angesimama katibu wetu wa diski, kijana wa kidato cha mwisho tunayemwita Mpima. Haumwi wala hajatoroka. Yumo katika chumba cha mashine, ananakili diski ya mwisho ya Bibi, na bado hajamaliza.

HISTORIA YA BIBI

Mgeni rasmi, Bibi ana umbo la makabati ya bweni yaliyosimamishwa bega kwa bega, na ananguruma kama mtu mnene aliyelala usingizi wa mchana. Alitoka katika ofisi moja iliyomchoka. Aliyempokea ni mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye vizazi vyote vya hapa vilimwita Konsoli, kwa kuwa hakubanduka mbele ya konsoli, skrini ya kumwendeshea Bibi, hata kengele ya chakula ilipolia.

Siku ya kwanza ya kila kidato cha kwanza, Konsoli aliwasimamisha watoto mlangoni, kwenye ule ubaridi wa feni, akawauliza, "Mnaona kompyuta ngapi humu?"

"Moja, mwalimu."

"Basi mna macho mabovu. Humu kuna kompyuta ya kila mmoja wenu. Kaeni."

Hakuwa anatania. Bibi alijigawa. Kila aliyeketi mbele ya skrini alipewa kompyuta nzima ya kwake, ambayo haikuwepo popote isipokuwa ndani ya kichwa cha Bibi. Konsoli aliziita kompyuta hewa. Tofauti na vitu vingine hewa vinavyosikika maofisini, hizi zilifanya kazi. Kila moja ilikuwa na kisoma kadi, kama mashine za zamani zilizolishwa kadi zenye matundu, ilhali hakuna kadi, kitoboa kadi ilhali hakuna cha kutoboa, printa isiyojua karatasi, na kipande cha diski ya kweli kilichoitwa 191. Ya kila mtu iliitwa 191, na kila mtu aliamini ni yake peke yake, kama watoto wa nyumba moja wanavyoamini, kila mmoja, kwamba yeye ndiye kipenzi cha mama.

Ukawepo utaratibu. Anayemaliza shule alimwachia mwanafunzi mgeni kompyuta yake hewa, na kabla ya kuondoka alituma furushi la kadi zisizokuwepo kwenye kisoma kadi cha mrithi wake. Mpima alipoketi mara ya kwanza, macho bado mekundu kwa kuachwa na mama yake getini, Konsoli alimwambia aamuru kisoma kadi kisome. Likatoka neno la kaka ambaye hajawahi kumwona: "Mdogo wangu, kitanda cha juu karibu na dirisha kinavujiwa. Usimwambie mtu. Badilishana na mjinga mwingine kabla ya mvua."

Mpima akacheka kwa sauti. Kuanzia hapo hakulia tena. Na kitanda alibadilishana. Mjinga mwenyewe yupo hapa mstarini, anatusaidia kushika karatasi hizi.

MAFANIKIO

Tumejifunza kutenga diski, kuunganisha printa hewa na kumwongezea mtu kumbukumbu. Mwenzetu mmoja aliyejiongezea kumbukumbu katikati ya insha amejifunza pia kwamba Bibi, ukimwambia abadili ukubwa wa kichwa, kwanza husahau kila alichokuwa akifikiria. Insha ilikwenda na maji. Mwalimu wa lugha hajamwamini mpaka leo, na tunamwomba, mbele ya mgeni rasmi, amwamini.

Mwingine aliweka kazi ya muhula mzima kwenye diski ya muda, kwa sababu ilikuwa na nafasi. Kengele ikalia, akaaga mashine, akakimbilia chakula. Diski ya muda ikiagwa huondoka na vyake. Alirudi ameshiba, akakuta jangwa.

Lakini hakuna aliyevuruga kwa ustadi kama Mpima mwenyewe. Alipopewa kazi ya kugawa diski, alimkatia binti mmoja mgeni kipande kilichoanza silinda moja kabla ya mahali diski ya Konsoli ilipoishia. Silinda ni kama mstari wa shamba. Binti akaamuru kipande chake kisafishwe, kama alivyofundishwa, na mkia wa diski ya mwalimu ukafutika naye akitabasamu. Kwenye mkia huo ilikaa programu iliyotutupia salamu kwenye skrini zote kila asubuhi: "Amkeni, wavivu, Bibi ameshaoga."

Asubuhi iliyofuata skrini zilinyamaza. Konsoli akamwita Mpima.

"Wewe kijana, umeuza kiwanja chenye nyumba."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nyumba yenyewe nilikuwamo ndani."

"Nilikosea kujumlisha, mwalimu."

"Ungekosea kwenye mtihani ningekusamehe. Chukua chaki. Chora ukuta mzima: nani anaanzia wapi, nani anaishia wapi, na mimi nipo wapi. Mpaka ukifumba macho unione."

Alichora kwa wiki nyingi, wa zamani na wapya, waliomaliza na waliofukuzwa. Hapo ndipo jina la Mpima lilipozaliwa. Konsoli aliiandika upya ile programu ya salamu, akaongeza: "Mpima, hata wewe."

Salamu hiyo imetoka leo asubuhi, mgeni rasmi, ingawa Konsoli amestaafu na anaishi kwa binti yake. Tulisimama tukaisoma wote, na hakuna aliyefanya utani.

CHANGAMOTO

Konsoli aliposikia habari za lori alimpigia Mpima simu. "Waache wabebe bati," alisema. "Ninyi bebeni diski. Humo kuna masomo yangu yote na ujinga wenu wote. Nikitoka humo, mwanangu, sijui nitakuwa wapi."

Mpima amenakili kwa waya mmoja mwembamba hadi kwenye kompyuta ya pembeni ya maabara mpya, polepole, kufuata ramani ya ukutani. Diski za wanafunzi zimekwisha. Ya Konsoli aliiacha mwisho, kwa kuwa ndiyo kubwa, na kwa kuwa, tunavyomfahamu, aliogopa kuigusa tena. Hesabu yetu ilikuwa amalize kabla ya wiki ijayo, siku ya lori kama barua ya ofisi yako ilivyosema. Kisha ratiba yako, ambayo tunaiheshimu sana, ikakuleta leo.

MAOMBI

Hatuombi Bibi abaki. Amezeeka, anakula umeme, na feni zake zinakohoa. Tunaomba kompyuta moja tu katika zile mpya, ile ya pembeni isiyo na kiti. Tumejaribu, tukaona inawezekana: Bibi mzima anaweza kuishi humo kama kompyuta hewa. Amejifanya mashine ya kila mmoja wetu miaka yote hii. Sasa naye apatiwe mashine ya kujifanya yeye. Wadogo zetu wakija mwakani, kisoma kadi kiwe na neno la kuwasomea.

Pili, tunaomba chakula kitangulie, na kitufe kifuate. Chakula kipo tayari. Dereva na wapakiaji tumewatengea meza.

Na kuna jambo ambalo Mwalimu Mkuu atalisikia sasa pamoja nawe, naye atatuwia radhi. Kitufe chekundu kipo ndani ya chumba cha mashine, na mlango wa chumba hicho Mpima ameufunga kwa ndani. Hatukumtuma. Hatukumkataza pia. Ukipenda kupiga hodi, mheshimiwa, piga taratibu, maana amefika kwenye mkia wa diski, na safari hii anahesabu kwa kidole.

Mungu akupe afya, akupe subira, na akujalie hamu kubwa ya kula.

Ni sisi watoto wako,
Chama cha Kompyuta, tuliopo mstarini na aliyepo ndani.