Shangazi Tian na Msemo wa Themanini na Nane

Baada ya kuhudumu katika jiko la shule yetu kwa karibu miaka ishirini na sita, Shangazi Tian Guizhen anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024. Aliajiriwa Septemba 1998 kuosha vyombo. Mwaka uliofuata alikabidhiwa upawa, na tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyetoka bwaloni na njaa, ingawa wapo waliotoka wamechekwa.

Mambo yote yalianzia kwenye mvua. Bondeni kwetu hunyesha siku nyingi kuliko zisizonyesha, na mvua ikianza, foleni hujibana mlangoni watu wakisukumana. Shangazi, aliyeishia darasa la nne na kujifunza maandishi mengine mwenyewe jikoni, akaweka sheria: siku ya mvua, anayetaka kipande cha pili cha tofu ya pilipili, lile jibini la soya, ataje msemo wenye upepo au mvua ndani yake, na aeleze maana. Uliokwisha kutajwa siku hiyo hauhesabiki. Fujo ikaisha. Foleni nzima ikawa inachezesha midomo kimyakimya.

“Upepo na mvua havizuii” ni kutimiza ahadi hata hali ya hewa iwe mbaya vipi. Huo ni wa Shangazi mwenyewe, kwani mwaka ule daraja lilipofungwa kwa mafuriko alizunguka mlimani kwa muda wa saa tatu na ndoo mbili za tofu begani. “Kukamata upepo na kushika kivuli” ni kumshutumu mtu bila ushahidi. Mwalimu Lei wa hisabati aliutumia siku alipodaiwa kurudia foleni. (Alikuwa amerudia.)

Pan Zhigang wa darasa la nane alijipiga kifua. “Kuita upepo na kuamrisha mvua! Yaani mtu mwenye uwezo wa kufanya lolote. Kama mimi, Shangazi!”

“Haya, mwenye uwezo,” akajibiwa, “iamrishe hiyo tofu iruke ikufuate.”

Zhigang alimalizia wali wake kwa mchuzi mtupu.

Kila msemo mpya Shangazi aliuandika kwenye daftari lenye madoa ya mafuta. Mwezi uliopita akatamka neno lililotutia wazimu: “Misemo imefika themanini na saba. Nane ni namba ya bahati, na nane mbili ni heri mara mbili. Nikiupata wa themanini na nane, nitaondoka roho kwatu.”

Shule ikapagawa! Tulichimbua kamusi, tukawapigia simu babu zetu, tukaulizana hata bafuni. Lakini kila tulicholeta kilikuwamo. “Huo ni wa thelathini na mbili, mwanangu. Lete mwingine!”

Jumatatu wiki hii alituruhusu kulipekua daftari lenyewe, tukapigwa na butwaa. Msemo anaoujua kila mtoto haukuwamo: “Upepo wa machipuko ugeukao mvua,” ule tunaouandika kwenye kadi za Siku ya Walimu.

“Naujua sana,” alisema Shangazi huku akifuta meza. “Ni wa walimu huo. Mimi ni mpishi. Msiniletee.”

Tulimbembeleza siku mbili nzima. Hakukubali, na tofu ya ziada hatukupata.

Jana ikanyesha. Mwalimu Mkuu Qin, ambaye siku zote hula ofisini, aliingia kwenye foleni na bakuli lake, na walimu kumi na wanane nyuma yake. Zamu yake ilipofika akautaja msemo ule ule. Upawa ukabaki hewani.

“Na maana yake, Mwalimu Mkuu? Sheria ni sheria.”

“Ni kumfundisha mtu kwa upole, mpaka akue bila kujua kwamba alikuwa anafundishwa. Tumeujadili ofisini, Shangazi. Walimu wote tumekubaliana kuwa ni wako pia.”

Shangazi alimwekea vipande vitatu, akavua glavu, akafungua daftari na kuandika polepole, akiinua uso mara mbili kupangusa macho. Alipoweka kalamu chini, tulipanda juu ya viti tukashangilia. Supu ilimwagika, na hakuna aliyekaripiwa.

Shangazi Tian, asante kwa kila bakuli. Tunakutakia upepo na mvua vya kadiri, yaani mwaka wa neema: mahindi yako yazae, magoti yako yapone, na maisha yako yawe mema. Ukipita hapa siku ya mvua, ingia ukae. Sisi ndio tutakaokupakulia, na hatutakuuliza msemo.